Ukuta wa Mama Ngalula, Kamalondo

Ni wiki sita tangu niache kazi, na mke wangu amekwisha kunikataza kugonga kuta za nyumba yetu. Anasema sauti inamchosha. Mimi nasema ukuta wa jikoni una sauti tofauti na ya juzi, naye ananijibu kwamba ni masikio yangu yamezeeka. Inawezekana. Lakini juzi hiyo hiyo alisogeza kabati, na mtu hasogezi kabati bure.

Ninyi mnaobaki na kazi hii ya kutoa ukungu na unyevu kwenye nyumba za watu, mliniomba niandike. Nimeandika kwa Kiswahili tulichofundishwa na mapadri shuleni, ila watu nitawaacha waseme vile walivyosema, “bantu” wakimaanisha watu, “njo” ndio, na “mbele” kabla, maana Mama Kisimba mtakayemkuta huko chini akisema Kiswahili cha shule hatakuwa Mama Kisimba tena. Mambo ya nani alipandishwa na nani aliachwa sitayagusa. Hayakaushi ukuta.

Aliyenifundisha ni Vieux, yaani Mzee, Kalenga, mwana wa mtu wa reli, fundi wa matofali aliyechoka kujenga akaanza kuponya nyumba zilizojengwa vibaya na wengine. Siku ya kwanza alinipa brashi, ndoo na kitambaa cha kufunga pua, tukaenda kwenye nyumba moja ya mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni mpaka magotini. Nikashika brashi kavu nikasugua kwa nguvu zangu zote, nikitaka aone kwamba nina mikono. Alinipiga kofi la shingo.

“Unatawanya! Sasa hii yote iko mu mapafu yako na mu kitanda ya bantu!”

Basi sikieni. Ukungu haufutwi mkavu. Unaulowesha kwanza kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, iliyochanganywa na maji, madirisha yakiwa wazi, unaacha robo saa, ndipo unafuta, na kitambaa chenyewe unakitupa. Javeli usiichanganye na siki wala na dawa ya choo, hata kama mwenye nyumba anakuambia dada yake hufanya hivyo kila siku. Huyo dada ana bahati, au hana pua.

Lakini kuosha ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua maji yanatoka wapi, na hapo ndipo kila mtu anakudanganya. Vieux Kalenga alikuwa akisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kusalimia. Nilidhani ni adabu. Kumbe alikuwa anatafuta uongo. Kalenda iliyotundikwa chini karibu na sakafu: nani anasoma tarehe akiwa amechuchumaa? Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu. Mama anayeapa kwamba hapiki ndani, na duara la mbabula, jiko la makaa, limeungua pale pale kwenye sima, yaani saruji ya sakafu, makaa yenyewe bado yako kwenye kona. Nyumba moja niliondoa picha ya Bikira Maria nikiomba msamaha, na nyuma yake palikuwa na tundu la bomba ambalo mwenye nyumba alisema halipo. Alijifanya kushangaa kuliko mimi. Tangu hapo hata picha takatifu ninazigeuza.

Vieux alikuwa na vyombo vitatu. Cha kwanza, kisu cha kukwangua. Cha pili, kipande cha plastiki: unakibandika ukutani pande zote nne, unarudi baada ya siku mbili. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta ndio unaleta maji. Ukiyakuta mbele, ni pumzi za watu na mvuke wa sufuria, waambie wafungue dirisha uende zako. Chombo cha tatu kilikuwa ulimi wake. Alikwangua unga kidogo wa ukuta, akauweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Kama hauna ladha, maji ni ya mvua. Kama unauma, ni sima. Kama ni chumvi, aliacha kuuliza habari za maji akauliza, “Mbele yenu, mu hii chumba mulikuwaka nini?” Mara nyingi jibu lilikuwa mbuzi, na mkojo wa mbuzi ni chumvi. Nilimuuliza kuhusu vyoo. Akasema kule pua inatosha.

Nililamba kuta miaka mingi kama yeye, na alipofariki niliendelea. Kisha nikaanza kuona haya. Wateja wangu walikuwa watu wa viatu vyeusi, na mtu wa viatu vyeusi akikuona unalamba nyumba yake anamwita mke wake aje kutazama. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa mpakani akaniuzia kamashini kadogo, kenye sindano mbili mbele na taa nyekundu juu. Unachoma sindano ukutani: pakiwa pakavu kananyamaza, pakiwa na maji taa inawaka na kanapiga kelele. Wateja walikapenda sana. Nilikavalisha hata mfuko wa ngozi. Kisu nilibaki nacho, plastiki nilikuwa naisahau nyumbani, na ulimi nikauweka kwa chakula tu.

Sasa nifike mtaa wa Kamalondo, maana ndiko ninakotaka mfike.

Mama Ngalula alikuwa mwalimu mjane, watu wao wa Kasai, mwanamke wa kupanga maneno kama anaandika ubaoni. Binti yake Tereza, aliyeolewa Kolwezi, alikuwa anarudi kuzaa kwa mama yake, mimba ya kwanza, vile desturi inavyotaka. Chumba cha nyuma, ambacho miaka yote kilikuwa cha makaa na mafagio, kilifagiliwa na kupakwa rangi ya mafuta ili mama na mtoto walale humo. Mvua tatu tu, rangi ikabambuka. Juu ukungu mweusi, chini unga mweupe, na ukuta mmoja ulilowa ukiugusa.

Nyuma ya ukuta huo huo, upande wa pili, ilikuwa dushi ya jirani, kijumba cha kuogea kilichojengwa kikiegemea. Jirani mwenyewe alikuwa Mama Kisimba, mzaliwa wa Pweto kule ziwani, muuza samaki mkavu tangu ujana wake. Mama Ngalula alimwita yaya, dada mkubwa, ingawa hawana ukoo. Tereza mwenyewe, siku aliyozaliwa, aliogeshwa na mikono ya Mama Kisimba, na barabara nzima ilijua kwamba mtoto wa Tereza ataogeshwa na mikono hiyo hiyo. Alikuwa amekwisha kununua beseni.

Nilipoona dushi ile, wanangu, moyo wangu ulifurahi. Ndiyo, ulifurahi, niseme ukweli. Mtu wa kushuku akipata wa kumshuku anapumzika. Nilichoma kamashini kangu kwenye kuta tatu, kakanyamaza. Nikachoma kwenye ukuta wa dushi, kakalia kama kamechinjwa.

Nilizunguka kwa Mama Kisimba. Alinipa kiti, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza hali ya mke wangu. Adabu nyingi mno, nikawaza. Nikamwambia dushi yake inavuja.

“Haivuje, fundi. Angalia mwenyewe.”

Nikaangalia. Sakafu ilikuwa nzima, mfereji unapeleka maji barabarani vizuri. Nikamwaga humo buluu ya kufulia, ndoo nzima, nikarudi kusubiri upande wa Mama Ngalula. Siku mbili. Hakuna hata doa la buluu lililotokea. Mtu mwenye akili angesema dushi haina kosa. Mimi nilisema ukuta unachuja rangi.

Mama Kisimba akanifuata uani, akajifuta mikono kwenye kikwembe chake, kitenge alichojifunga.

“Fundi, sikia basi. Mbele ba Ngalula banunue hii nyumba, ile chumba ilikuwaka ya samaki. Kaka yangu njo alikuwaka anapanga humo magunia ya samaki ya chumvi, ya Pweto, mpaka ku dari. Myaka mingi. Na pale pa ukuta yenye unasema, njo pale alikuwaka anaegemesha.”

“Mama, samaki ya kukauka itatoa maji namna gani?”

Nilicheka na kucheka. Niliona anatafuta pa kukimbilia. Kamashini kalikuwa mfukoni mwangu, nikakapapasa kupitia ngozi, nikajisikia mtu mkubwa.

Kisha nikatoka barabarani. Hakuna aliyeniomba. Kinyozi alikuwa kazini, wamama wa mboga wamekaa, fundi wa nguo yuko kwenye cherehani yake. Nikasema kwa nguvu, “Bantu bote basikie! Ukuta ya Mama Ngalula haina kosa. Iko inakunywa maji ya dushi ya Mama Kisimba!”

Pale kwetu, maji aliyooga mtu mzima kuingia kwenye chumba cha mtoto mchanga si jambo la kuchekea; watu huwaza uchawi. Watu hawakusema baya lolote. Waliangaliana, na wengine wakaanza kukumbuka mambo ya zamani ambayo hayakutokea. Mama Ngalula, mwalimu, mwenye kusoma, alisimama mlangoni akamwangalia jirani yake wa miaka thelathini. Hakumwita yaya. Alisema, “Ule mama abomoe dushi yake.”

Ikabomolewa juma lile lile. Mama Kisimba hakubishana tena. Nikampondea Mama Ngalula sima ya ukuta wake, nikapiga sima mpya, rangi juu yake.

Mvua zikakatika. Tereza akajifungua mtoto wa kiume, na aliyemwogesha alikuwa mwanamke wa kukodiwa kutoka barabara nyingine. Katikati ya kipindi cha baridi nilipita kukagua. Ukuta ulikuwa mkavu kama mkate wa jana. Kamashini kalinyamaza. Nikajisifu mbele ya Tereza mwenyewe, nikamwambia, “Unaona? Shida ilikuwa ule mama.” Sikujiuliza hata mara moja kuna ukuta gani Lubumbashi usiokauka mwezi wa saba.

Mvua za kwanza zilipopiga, Mama Ngalula akanipigia simu.

“Fundi, ukuta imerudia kulia. Kuja.”

Mnajua nilichowaza njiani? Niliwaza kwamba Mama Kisimba anamwaga maji kwa siri. Mzee wa watu, miaka sabini na kitu, nilimwona katika mawazo yangu akibeba ndoo. Kabla ya kuingia kwa mteja nilichungulia juu ya ukuta wa lupangu lake, yaani kiwanja chake, nikitaka kumkamata. Palipokuwa na dushi palikuwa na majani yameota. Mwisho kabisa wa uwanja niliona vijiti vinne vimezungushiwa magunia, bila kitu juu, na beseni moja ndani. Beseni lile jipya. Ndipo nilipoelewa kwamba amepitisha baridi yote anaoga nje, nyuma ya magunia, na sasa anaoga ndani ya mvua. Niliona aibu. Lakini bado sikuamini. Niliingia kwa Mama Ngalula nikachoma kamashini ukutani, kakalia vile vile.

Basi maji yanatoka wapi? Hakuna dushi. Hakuna bomba. Manjanja ya paa, mabati yenyewe, nilipanda nikayakagua moja moja, mazima. Nilikaa jikoni nimeshika kamashini mkononi, na kwa mara ya kwanza nikakatazama kwa jicho baya. Watu wote wa Lubumbashi nilikuwa nimewashuku, mapadri wakiwemo. Haka peke yake sikuwa nimekashuku.

Nikachoma sindano kwenye meza. Kimya. Mlango, kimya. Soli ya kiatu changu, kimya. Mfuko wa unga wa bukari, ugali wetu, kimya. Dirishani palikuwa na sinia ya samaki wa chumvi, mkavu, mgumu kama ubao, wa chakula cha mchana. Nikamchoma.

Taa ikawaka. Kakapiga kelele nyumba nzima ikasikia: kumbe chumvi nayo inakaliza.

Nilirudi kwenye chumba cha nyuma nikafunga mlango. Nikakwangua sima yangu mwenyewe mpaka kwenye tofali, nikaweka unga kwenye ulimi. Lo! Chumvi tupu. Chumvi iliyoingia kwenye matofali kutoka kwenye magunia ya kaka yake Mama Kisimba, miaka na miaka, na ambayo kila mvua zikija inavuta unyevu wa hewa yenyewe, bila bomba, bila dushi, bila kosa la mtu. Kipindi cha baridi hewa ni kavu, inanyamaza. Mvua zikirudi, inalia. Vieux Kalenga angejua kabla hajavua kofia.

Nilitoka nikamweleza Mama Ngalula. Alikuwa amembeba mjukuu wake, miezi saba, mtoto mnene wa kuchekacheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu anayesikiliza somo lililokosewa.

“Na yeye alijua mambo ya hii samaki?”

“Alijua, mama. Aliniambia.”

“Alikuambia siku gani?”

Nilitaka kusema sikumbuki. “Siku ya kwanza.”

Alimpitisha mtoto kwenye bega la pili, akageukia dirisha.

Kwa Mama Kisimba nilikwenda peke yangu. Alikuwa anapanga samaki wake kwenye kapu. Hakunipa kiti safari hii. Nilimwambia yote, nikamwambia nitamjengea dushi nyingine kwa mikono yangu, kesho, hata leo.

“Siku ile ulisemea wapi?” akaniuliza.

“Pa barabara.”

“Ulisema pole pole?”

“Hapana, mama. Kwa nguvu.”

“Basi ende usemee pale pale, kwa nguvu ile ile. Kisha njo utakuja kunizungumuzia mambo ya dushi.”

Nilikwenda. Kinyozi alikuwepo, wamama wa mboga walikuwepo, cherehani ilikuwa inakwenda. Nimepanda mapaa ya watu maisha yangu yote bila kuogopa, lakini pale niliogopa. Nikaanza kwa sauti ya chini, na kinyozi akazima mashine yake akapaza sauti, “Sema nguvu, baba, hatusikie! Siku ile tulikusikia muzuri!”

Wakacheka. Walikuwa na haki.

“Bantu ya hii barabara! Miye Banza nilimusingizia Mama Kisimba! Dushi yake haikuwa na kosa. Ukuta iko na chumvi ya zamani, na yeye aliniambia siku ya kwanza, nikakatala kusikia!”

Cherehani ikasimama. Mama mmoja wa mboga akasema “Aa, Banza,” vile mtu anavyosema akimwona mbwa amekula chakula cha wageni.

Niwaambie hapa hapa namna ya kuponya ukuta wa namna ile, maana mtaukuta. Unabomoa sima yote mpaka kwenye tofali, unapaka udongo laini wa kichuguu uliolowa, mnene kama kiganja, unauacha ukauke wenyewe. Ukikauka unabeba chumvi na kuanguka nayo. Unarudia, mara tatu, mara nne, mpaka ulimi ukuambie basi. Halafu chokaa, si sima, na rangi ya mafuta kamwe. Mimi nilirudia mara tano. Dushi niliianza asubuhi iliyofuata. Kamashini nilikatoa kwenye mfuko wa ngozi siku hiyo hiyo, na humo sasa naweka miwani.

Lakini siku ile ya barabarani haikuishia kwangu. Mama Ngalula alikuwa ametoka, amesikia kila neno, mtoto mkononi. Alivuka mpaka kwenye mlango wa Mama Kisimba, mbele ya watu wote, akasimama.

“Yaya,” akasema.

Mama Kisimba akaweka mkono kwenye mlango. Niliogopa atafunga mlango, na angefunga nisingemlaumu. Akajifuta mikono kwenye kikwembe, upande huu na upande ule, harufu ya samaki isimfikie mtoto, akainyoosha.

“Leta mutoto, nimuone.”

Mtoto aliitazama ile mikono, akamtazama usoni, akakumbatia shingo ya Mama Ngalula kwa nguvu na kuanza kulia. Miezi saba walikuwa wametenganishwa na ukuta mmoja, na hakumjua.